Siringomielia si uvimbe

Siringomielia ni tundu refu lenye maji ndani ya ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ya neva inayopita katikati ya pingili. Mfupa hauhusiki. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachoniuma ni kusikia tena na tena mgonjwa akiambiwa na jamaa zake kwamba ana "uvimbe kwenye uti wa mgongo". Mtu akisikia uvimbe huwaza saratani, halafu halali usiku. Kumbe hakuna nyama iliyoota, pana uwazi.

Na jina linasema hivyo hivyo. Mwaka 1827 daktari Mfaransa, Ollivier d'Angers, aliunga maneno mawili ya Kigiriki: "sirinksi", mwanzi au filimbi, na "mielos", uboho. Sirinji ya kudungia dawa imezaliwa na neno hilo hilo la kwanza. Mwanzi una ukuta nje na uwazi ndani, na ugwe wa mgonjwa huyu umekuwa hivyo.

Uwazi huo ndio unaoeleza dalili. Nyuzi zinazobeba maumivu na joto huvuka katikati ya ugwe kwenda upande wa pili, palepale tundu linapotanuka, kwa hiyo huumia mapema. Nyuzi za mguso hupanda kwa nyuma na mara nyingi husalimika. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua kidole asihisi, ilhali ukimgusa kwa pamba anajua. Ganzi hiyo huenea mabegani na mikononi kama shali, na misuli ya viganja husinyaa taratibu.

Kipimo ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Kweli, uvimbe nao unaweza kuzaa tundu la namna hii, na ndiyo sababu daktari huweza kuongeza dawa ya mshipani ya kuonyesha kama upo. Lakini mara nyingi chanzo ni Chiari: sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma imeshukia shingoni na kubana njia ya maji ya ubongo. Wengine ni ajali iliyoumiza ugwe, au homa ya uti wa mgongo iliyoacha makovu.

Basi ripoti ikiandika "sirinksi", mwambieni ndugu yenu ana tundu lenye maji, kisha muulizeni daktari ni kitu gani kimeyazuia maji hayo yasipite.