Kodi ya Cayman: mfalme hahusiki
Husimuliwa kwamba Mfalme George III wa Uingereza aliwasamehe watu wa Visiwa vya Cayman, katika bahari ya Karibi, kodi milele, shukrani kwa kuwaokoa mabaharia wa meli 10 zilizopanda mwamba huko East End, mashariki mwa kisiwa kikuu, Februari 1794. Ajali ilitokea kweli. Hati ya msamaha haijawahi kuonekana.

Visiwa hivi ni eneo la ng'ambo la Uingereza, vyenye gavana anayeteuliwa na Mfalme, na bunge lao halijawahi kutunga kodi ya mapato. Lakini serikali haiishi kwa hewa: bidhaa nyingi zikishushwa bandarini hutozwa ushuru wa 22%, nao hulipwa na mnunuzi dukani bila kuuona. Kuna pia ada za vibali vya kazi, usajili wa kampuni na leseni za benki, biashara iliyowekewa sheria mwaka 1966.