Uthabiti sio usalama, na wala sio udhibiti

Jana tena nimemsikia mtu anaelezea droni inayojifunza yenyewe, anasema "imethibitiwa, iko thabiti, kwa hiyo ni salama". Jamani, hayo ni mambo matatu tofauti.

Haraka haraka: mfumo unaojirekebisha ni ule unaobadilisha mipangilio yake wenyewe kazi ikiendelea, na hesabu za usalama ndo zinahakikisha kwamba hata ujirekebishe vipi hautoki nje ya mipaka. Basi.

Sasa maneno. Thabiti ni Kiarabu, thabata, kukaa imara usitikisike, na humo humo ndo tumepata thibitisha. Dhibiti ni mzizi mwingine kabisa, dhabata, kukamata kitu ukakishika barabara, ila wengi tunatamka th na dh karibu sawa ndo maana yanaingiliana. Salama inatoka kwenye salima, kubaki mzima. Kwa hiyo kudhibiti ni kazi unayoifanya wewe, uthabiti ni tabia ya mfumo, usalama ni kubaki mzima njia nzima.

Na hapo kwenye "njia nzima" ndo ninapogombana na watu. Mrusi Aleksandr Lyapunov, 1892, alionyesha ukipata kipimo kama nishati kinachopungua muda wote basi mfumo utatulia. Sawa, utatulia, lakini utapitia wapi kwanza? Chukua tangi la maji juu ya paa, pampu inajifunza, unataka maji yakae robo tatu. Inaweza kujaza mpaka yamwagike, yakashuka, yakapanda kidogo, yakatulia robo tatu kamili. Uthabiti upo, na dari limeshalowa.

Mjapani Mitio Nagumo, 1942, aliuliza swali lingine: ukifika ukingoni kabisa mwa eneo la usalama, mwendo wako unaelekea wapi? Uelekee ndani au ufuate ukingo, usielekee nje. Siku hizi wahandisi wanaweka namba ya kizuizi, ndani ni chanya, ukingoni ni sifuri, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mfumo unavyobanwa usiusogelee ukingo kwa kasi.

Hii sio nadharia tupu. Tarehe 15 Novemba 1967 ndege ya majaribio ya Marekani, X-15, ilikuwa na mtambo wa kuiongoza unaojirekebisha wenyewe nguvu ya mwitikio wake, yaani ndege ikiyumba ujibu kwa nguvu kiasi gani. Ikazunguka hovyo ikiwa juu sana, rubani Michael Adams akaitoa kwenye ule mzunguko, halafu mtambo ukaingia kwenye mtikisiko ukashindwa kupunguza ile nguvu, ndege inashuka kwenye hewa nzito huku inatikisika, mzigo ukazidi uwezo wa bodi, ikavunjika angani. Adams akafariki.

Kwa hiyo ile droni, kama inarudi pale pale ikisukumwa na upepo, sema ni thabiti. Kama haigongi ukuta sema ni salama, na utaje mpaka wenyewe, mita ngapi kutoka ukutani, kasi gani. Na sio imethibitiwa, ni imedhibitiwa, kwa dh.