Siko seli si damu ya mama peke yake

Mtoto wa dadangu alikuwa na miezi minane vidole vyake vilipovimba. Mikono yote miwili na miguu, vidole vimetuna kama ndizi za kisukari, ukimgusa tu anapiga yowe. Hapa mtaani kwetu Malindi kila aliyekuja kumtazama alikuwa na lake: jicho la watu, amelazwa penye upepo, maziwa ya mama yameharibika. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda ilimpa dawa ya maumivu ikaturudisha nyumbani. Ikapita karibu miezi minne na homa kali mbili ndipo daktari mmoja akaagiza kipimo cha himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba hewa, na jibu likarudi SS. Siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama vitabu vinavyoiita.

Tangu hapo nimesikia mengi, na yamezidi tangu video zianze kuzunguka kwenye simu kwamba Wazungu wamepata dawa ya kubadilisha jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo mwilini. Naandika yale ninayoulizwa mara kwa mara, kwa sababu yamo yanayovunja nyumba na yamo yanayoua watoto.

Lililotaka kuvunja ya kwetu lilikuwa hili: "Ugonjwa umeletwa na mke." Mavyaa wa dadangu alisema mbele ya watu kwamba kwao hajapata kuonekana mtoto wa namna hiyo, basi damu hiyo imetoka kwetu. Si kweli. Jeni inayohusika mtu huwa nazo mbili, moja ya baba na moja ya mama, na mtoto hupata SS pale tu anaporithi yenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Mwenye moja huandikiwa AS. Huyo ni mbebaji: anavua, anacheza mpira, anazeeka, na pengine anakufa bila kujua. Ndiyo sababu ukoo unaweza kuibeba vizazi na vizazi asionekane mgonjwa hata mmoja, mpaka siku mbebaji aoe mbebaji mwenziwe.

Maneno haya hayakumwingia Bi Mkubwa, huyo mavyaa. Basi jioni moja nilichukua vikombe viwili vya kahawa, kila kimoja nikatia shanga mbili, nyekundu na nyeupe. Nikamwambia, "Mama, hiki ni mwanao, hiki ni mkewe. Nyekundu ndiyo jeni yenye hitilafu. Fumba macho utoe moja huku na moja huku." Akatoa nyeupe mbili. Nikazirudisha. Akatoa nyekundu na nyeupe. Nikazirudisha. Mara ya tatu nyekundu mbili, na ya nne nyekundu mbili tena. Akaziangalia pale kiganjani kwa muda, kisha akasema, "Kumbe na sisi tumo."

Kule kuzirudisha shanga ndiko kwenye somo. Wazazi wengi huambiwa "mmoja kati ya wanne" wakaelewa kwamba ukishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Baba na mama wakiwa wabebaji, kila mimba huanza upya: uwezekano wa robo mtoto awe SS, nusu awe AS, robo awe AA, yaani asiye na hitilafu kabisa. Yupo mwenye watoto watano wazima, na yupo aliyepata wagonjwa wawili mfululizo, na hakuna kosa alilofanya.

Kuna wanaojituliza kwamba walipima damu kabla ya ndoa, wote wakakutwa O, kwa hiyo wako salama. Kundi la damu halihusiani na jambo hili hata kidogo. Vilevile kipimo cha haraka cha siko seli kinaweza kuonyesha kwamba hitilafu ipo bila kusema kama wewe ni mgonjwa au mbebaji. Kinachotenganisha AA, AS na SS ni kipimo cha aina za himoglobini. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "ipo" peke yake, uliza ipo vipi.

"Mwenye siko seli hashikwi na malaria." Hili limebeba nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilianza kuonekana papa hapa Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa nchini na wakati huo akisomea udaktari, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali akaona wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno nyanda za juu. Penye mbu wengi ndipo penye wabebaji wengi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria kali. Hivyo hitilafu hii si laana iliyotuangukia watu wa Pwani: imedumu kwetu kwa sababu iliwaokoa wazee wetu wengi utotoni. Lakini kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS malaria ikimpata humaliza damu upesi, na inaweza kumuua. Huyo ndiye wa kulala ndani ya chandarua kila usiku na kupewa dawa ya kuzuia malaria kama alivyoandikiwa. Naomba sana asiachwe bila chandarua kwa sababu ya maneno ya barazani.

Sasa kwa nini vidole vilisubiri mwezi wa nane? Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haina hitilafu hii. Inapopungua katika miezi ya mwanzo, ile yenye hitilafu inashika nafasi, chembe nyekundu zinapinda kama mundu, zinaganda kwenye mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Hapa ndipo matibabu ya leo yalipojikita. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ile ya tumboni. Watu husema ni dawa ya saratani, kwa hiyo itamdhuru mtoto. Ni kweli hutumiwa pia kwa saratani, na inahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Lakini ilijaribiwa kwa watoto 606 katika nchi nne za Afrika, na kituo kimojawapo kilikuwa Kilifi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa nilipokaa. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia.

Ile dawa ya kwenye video ipo kweli. Inaitwa Casgevy. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi wanaopata maumivu makali ya kujirudia. Inatumia CRISPR, mkasi wa jeni ulioelezwa mwaka 2012 na kuwapatia wanasayansi Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mkasi huo hauigusi hata ile hitilafu yenyewe ya jeni. Unakata breki inayozuia himoglobini ya tumboni, ileile tunayoiamsha kwa kidonge. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha katika majaribio, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kubwa la maumivu. Niliposoma hivyo nililia.

Ila si "sindano moja tu" kama video zinavyosema. Seli za uboho hutolewa, zikahaririwa maabara, na kabla ya kurudishwa mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uboho wa zamani, huku amelazwa kwa wiki kadhaa. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Na dawa hizo kali zinaweza kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa, jambo ambalo binti wa miaka 15 na wazazi wake wanastahili kuelezwa kabla ya kutia saini, si baadaye.

Tena haibadilishi urithi. Seli zinazohaririwa ni za damu, si yai wala mbegu ya uzazi. Aliyetibiwa bado atampa kila mtoto wake jeni moja yenye hitilafu. Kuhariri viinitete, yaani mimba changa kabisa, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha waliohaririwa hivyo, dunia nzima ikapiga kelele, naye akafungwa miaka mitatu. Na wanaochanganya haya na mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, wajue kwamba mahindi hayo, ambayo marufuku yake serikali iliiondoa Oktoba 2022 wakati wa ukame na kesi zikafuata, hayana uhusiano wowote na matibabu haya. Hayawezi kukupa siko seli wala kukuponya.

Linalobaki ni lile la chumbani. "Wabebaji wawili hawaruhusiwi kuoana." Nani kasema? Katiba yetu, kifungu cha 45, inasimamisha ndoa juu ya ridhaa ya wawili wenyewe, na cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, ikiwemo ya uzazi. Kupima ni kwa ajili ya kujua, siyo kwa ajili ya kukatazwa. Wenye kujua wataamua kuoana au kuachana, kuzaa wangapi, kupanga uzazi kwa njia gani, na mtoto akizaliwa watampima mapema badala ya kungoja vidole vivimbe. Na msichana mwenye SS asiambiwe hazai. Anaweza kuzaa, kwa kufuatiliwa kwa karibu tangu mwanzo wa mimba na kujifungulia hospitali kubwa.

Mpwa wangu sasa ana miaka sita. Tunajua maji yasimkauke mwilini wakati wa joto la kaskazi, na tunajua akitoka baharini akaushwe upesi, kwa sababu baridi humletea maumivu ya miguu usiku. Wifi ya dadangu, kitindamimba wa Bi Mkubwa, anaolewa baada ya Ramadhani. Wiki iliyopita Bi Mkubwa aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, Jumatatu nenda naye akapimwe. Na huyo mchumba wake mbebe."