RMN na umbo la protini inayoshika RNA

Hapa Lubumbashi, ambako urani ya mgodi wa Shinkolobwe haijasahaulika, neno «nyuklia» huwatia watu hofu. Katika mwangwi sumaku wa nyuklia, ambao wanafunzi wetu huujua kwa kifupi cha Kifaransa, RMN, neno hilo lamaanisha kiini cha atomu tu. Hakuna kinachopasuliwa humo.

Baadhi ya viini, kikiwemo cha haidrojeni, vina tabia ya sumaku ndogo mno. Vikiwekwa ndani ya sumaku kubwa, iliyosokotwa kwa nyaya za niobi na titani zilizofumbatwa katika shaba na kupozwa kwa heli kimiminika hadi nyuzijoto -269 hivi, kisha vikapigwa na mawimbi ya redio, kila kiini hujibu kwa masafa yanayotegemea atomu zinazokizunguka.

Tuchukue CspA, protini ya bakteria Escherichia coli yenye mnyororo wa asidi amino 70, yaani matofali ya protini, ambayo huongezeka mno bakteria huyo anapotolewa ghafla kwenye nyuzijoto 37 na kutiwa kwenye 10. Baridi huifanya RNA, uzi unaobeba maagizo ya jeni, ijikunje na kujifunga. CspA huishika isijifunge. Ili kuichunguza, bakteria hulishwa chumvi ya amonia yenye naitrojeni-15, isotopi (aina ya atomu ya naitrojeni) isiyo na mnururisho ambayo kiini chake nacho ni sumaku ndogo, na protini yake ikishasafishwa huyeyushwa katika takriban nusu mililita ya maji. Ramani ya masafa inayopatikana huwa na doa moja kwa karibu kila asidi amino, isipokuwa prolini, ambayo naitrojeni yake haina haidrojeni.

Hiyo si picha, ingawa wengi huichukulia hivyo. Umbo hutokana na umbali: haidrojeni mbili zilizokaribiana kwa chini ya nanomita 0.5 hivi huathiriana, hata kama katika mnyororo zimeachana sana, na kompyuta hutafuta maumbo yanayokubaliana na vipimo vyote hivyo. Kwa sababu hiyo matokeo huwa kundi la maumbo yanayofanana. Kwa CspA, mwaka 1994, yalionyesha kanda tano zilizojikunja mithili ya pipa.

Utamu wenyewe huanza kipande cha DNA ya uzi mmoja, kinachoshikwa kwa niaba ya RNA inayofanana nacho, kinapoongezwa kidogo kidogo. Madoa mengine hutulia, mengine husogea, na yaliyosogea huelekeza jicho kwenye upande unaoshika. Huelekeza tu, kwa maana doa laweza kusogea kwa sababu protini imejipinda mbali na mguso. Hivyo mtafiti makini hubadilisha asidi amino inayoshukiwa, kisha hupima kama protini bado inashika.