Je, wajua mshipi wa usalama wa gari hupimwaje bila kuponda gari zima?

Gari zima likishagongeshwa ukutani hubaki chuma chakavu, tena gharama yake haikamatiki. Kwa hiyo mishipi ya usalama hupimwa kwa kigari cha reli kilichobeba kiti kimoja na sanamu ya mtu mzima. Kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa inataka kigari hicho kiende kilomita 50 kwa saa, kisha kisimame ndani ya sentimita 40 hivi. Wanafunzi wa uhandisi wa Mombasa, wale wa chuo kikuu cha kiufundi kilichoko Tudor kwa mfano, wanaweza kujiundia kigari kidogo kwa vyuma vya umbo la U, magurudumu ya beringi na fundi mzuri wa kuchomelea.

Mwendo unatoka kwenye mteremko. Kilomita 50 kwa saa zinadai kimo cha karibu mita 10, jambo lisilofaa kabisa kwa karakana ya chuo. Kilomita 20 zinadai mita 1.57 tu, jengeni mita 1.8, kwa sababu msuguano utakula sehemu yake. Hata hivyo msiamini hesabu. Wekeni vihisi viwili vya mwanga mwishoni mwa reli, vikiachana sentimita 10: kigari kikivikatiza kwa milisekunde 18, mwendo ni ule mnaoutaka.

Pagumu ni kwenye kusimamisha. Springi haifai, maana humrudisha abiria nyuma na pigo linakuwa kubwa kuliko mlivyokusudia. Tumieni mabomba membamba ya chuma yanayojikunja yakibanwa, na kwanza mkandamize moja polepole kwenye presi ili mjue linahimili nguvu kiasi gani. Kigari kikisimama ndani ya sentimita 20, kinapunguza mwendo kwa takriban mara 8 ya mvutano wa dunia, na kila kitu kinakwisha kwa milisekunde 72. Sanamu ya kilo 75 itaulemea mshipi kama mzigo wa kilo 590. Mkisimamisha kwa sentimita 5 tu, mzigo huo unakuwa mara nne.

Hapo ndipo inapoonekana hatari ya mshipi uliolegea, ule abiria wa matatu anaouweka juujuu ili polisi auone. Tuseme umelegea sentimita 5. Kigari kinaanza kusimama, lakini mwili haujui. Unaendelea kwa kilomita 20 zilezile. Mpaka mshipi ukaze, milisekunde 36 zimepita na kigari kimeshuka hadi kilomita 10. Nusu ya muda wa kumpunguza abiria mwendo imepotea bure, na iliyobaki lazima ifanye kazi yote. Mshipi mzuri hukaza mapema, kisha unanyooka kidogo kwa makusudi: kanuni hiyohiyo inaruhusu kifua kisogee mbele kati ya sentimita 10 na 30, na nyonga kati ya 8 na 20.

Gunia la mchanga peke yake halitoshi kuwa sanamu. Linajikunja, mshipi unazama ndani yake, na vipimo vinadanganya. Litieni kiunzi cha mbao chenye umbo la nyonga, kifunikwe kwa mpira. Sehemu ya mshipi inayopita mapajani iteremke kwa digrii 45 hadi 75 kutoka usawa wa sakafu. Ikilala sana, nyonga hupenya chini yake na mshipi hupanda tumboni, kwenye ini na matumbo, ambako hakuna mfupa wa kuuzuia.

Kihisi cha simu hakifai kupima pigo: vingi huishia mara 8 au 16 ya mvutano wa dunia, na vikisoma mara 100 kwa sekunde mtapata namba saba tu za tukio zima. Tafuteni kinachofika mara 200 ya mvutano huo na msome angalau mara 1,000 kwa sekunde. Kamera ya simu, lakini, inafaa sana. Kwa picha 240 kwa sekunde mtapata picha 17 hivi za mwili ukienda mbele.

Zungushieni reli wavu wa chuma, na ndoano inayoshikilia kigari juu ya mteremko ifunguliwe kwa kamba mtu akiwa mbali. Mshipi uliokwisha kubeba pigo msiurudie, maana nyuzi zake zimeshavutika. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, linganisheni mshipi mpya na ule uliotolewa kwenye matatu kuukuu: kagueni kutu kwenye bolti na ndani ya kikunjio kinachouvuta mshipi, na utepe uliochujuka kwa jua, kabla ya kuachia kigari.