Okidi haitaki udongo wa samadi

Wapenda maua wengi wanaamini kwamba okidi, kwa kuwa ni ua la thamani, inataka udongo mweusi wenye samadi na maji kila siku. Sivyo. Phalaenopsis, ile inayouzwa sana madukani, asili yake ni misitu ya Asia, na huota juu ya matawi ya miti. Ansellia africana ya kwetu Afrika Mashariki hukaa mitini vilevile, wala hainyonyi mti, hujishikiza tu.

Itazame mizizi. Imevikwa ngozi nene kama sponji, yenye rangi ya fedha ikiwa kavu. Ukiimwagia maji hugeuka kijani mbele ya macho yako. Ngozi hiyo hufyonza maji upesi, kisha inahitaji hewa. Ukiifukia kwenye udongo ulioshikamana, mizizi hulainika, hugeuka kahawia na kuoza. Majani nayo hunywea, na mwenye ua, akidhani lina kiu, huzidisha maji. Okidi nyingi hufa hivyo, na inasikitisha kwa sababu zilikuwa zikitunzwa kwa mapenzi.

Tumia vipande vya magome ya msonobari au mkaa. Pwani, makumbi ya nazi yanafaa sana, ila yaloweke na kuyasuuza kwanza yatoe chumvi. Chungu kiwe na matundu. Mwagilia asubuhi mizizi inaporudia rangi ya fedha, maji yapite yote, yasituame kwenye kisahani wala katikati ya majani. Magome yakianza kuoza, mara nyingi baada ya mwaka 1 au 2, yabadilishe.