Je, wajua kwa nini springi ngumu si dawa ya Land Rover iliyolala?

Mwenye Land Rover 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) yenye umri wa miaka arobaini na zaidi hufika gerejini na malalamiko yale yale: gari limelala nyuma, likipakiwa magunia tairi hukaribia kugusa bodi, na likiingia shimoni husikika kishindo cha ekseli ikigonga chasisi. Ombi lake nalo ni lile lile, kwamba atafutiwe springi ngumu kuliko zilizopo. Anazipata, anafungiwa, gari linasimama juu kama jipya, na baada ya wiki mbili za barabara ya changarawe anarudi akisema kuwa usukani unamponyoka, bolti za bodi zinalegea na mgongo unamuuma. Imekuwaje springi zilizolinyanyua gari zilifanye liwe baya kuliko zile zilizolala?

Jibu limo katika mambo mawili ambayo macho huyaona kuwa moja, yaani kimo cha springi na ugumu wake. Springi ya majani ni bunda la vyuma bapa vilivyopindwa kama upinde, vikashikwa pamoja na bolti moja ya katikati, kisha vikabanwa kwenye ekseli kwa yubolti, yaani bolti zenye umbo la U. Ncha mbili za jani kuu zimekunjwa kuwa macho yenye bushi, yaani mirija yenye mpira, ndani yake; jicho moja hufungwa moja kwa moja kwenye chasisi, na la pili hushikwa na mkono mfupi wa chuma unaoning'inia, kwa sababu springi ikibonyea hunyooka, na ikinyooka macho yake huachana. Kimo hutokana na upinde ambao chuma kilipewa kiwandani. Ugumu, yaani uzito unaohitajika ili springi ibonyee sentimita moja, hutokana na upana, unene, idadi na urefu wa majani. Springi ikilala kwa miaka ya kubebeshwa kupita kiasi, kinachopotea ni upinde, wala si ugumu, kwa kuwa majani hayajapungua unene wala kuongezeka urefu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kona moja ya nyuma ya gari inabeba kilo 400, na springi yake inabonyea sentimita moja kwa kila kilo 40. Basi gari likiwa limesimama, springi imebonyea sentimita 10. Mwenye gari akifunga springi yenye upinde ule ule uliochoka lakini inayodai kilo 60 kwa kila sentimita, itabonyea chini kidogo ya sentimita 7 tu, na gari litapanda kwa zaidi ya sentimita 3. Machoni, tatizo limekwisha. Barabarani, kona ile iliyokuwa ikinesa takriban mara 95 kwa dakika sasa inataka kunesa takriban mara 116, na kila tuta dogo la rasta hupelekwa kwenye chasisi badala ya kumezwa na springi. Alichohitaji ni springi ya ugumu ule ule wa awali, yenye upinde wake kamili.

Unene wa majani ndio unaowadanganya wengi, maana ugumu haupandi sambamba nao. Jani likiongezwa unene mara mbili, ugumu wake hupanda mara nane. Bunda la majani sita ya milimita 6 likiongezewa jani la saba la aina hiyo hiyo, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 17. Lakini majani hayo sita yakibadilishwa yakawa ya milimita 7, ugumu hupanda kwa asilimia 59, ingawa kwa jicho tofauti ya milimita moja haionekani kabisa. Kwa hiyo anayekwenda dukani bila kipimo cha kubana cha milimita anabahatisha, hata kama muuzaji ameyahesabu majani mbele yake.

Kabla ya kununua chochote, bunda la zamani lifunguliwe. Kwenye uso wa chini wa kila jani utaona mfereji mdogo unaong'aa pale ambapo ncha ya jani lililo chini yake imekuwa ikisugua, na mara nyingi ufa huanzia hapo hapo. Utaona pia kutu iliyovimba katikati ya majani. Kutu hiyo ikishikana na udongo mkavu, majani hukataa kuteleza na bunda zima huanza kufanya kazi kama ubao mmoja. Nimeona springi zilizotangazwa kuwa zimekufa zikafufuka kwa brashi ya waya na grisi yenye grafiti, bila senti ya spea. Hata hivyo, jani lenye ufa halina tiba, na bunda lililonyooka kabisa halitaukumbuka upinde wake kwa kupakwa grisi.

Mafundi wetu hulikunja upya bunda la namna hiyo kwa nyundo, na wengine wana jicho kali kuliko mashine. Likikunjwa baridi, gari hupanda, lakini kwa kawaida springi hulala tena upesi, kwa sababu chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kuchomwa, kuzimwa ndani ya oili na kupashwa tena kwa joto la kadiri. Kupasha mahali pamoja kwa gesi ili jani likubali kukunjwa ni kosa kubwa zaidi: pale palipopigwa moto panakuwa chuma cha kawaida, na hapo ndipo patakapopinda au kukatika.

Sasa uchaguzi wenyewe. Series III, mojawapo ya matoleo ya Land Rover 109, ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na kiwanda hakikuifunga springi za aina moja. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, hivyo mbele zilikuwapo springi tofauti. Upande wa dereva ulipewa springi yenye upinde mkubwa kuliko upande wa abiria, kwa kuwa dereva yumo garini siku zote na, katika magari mengi ya aina hii, tangi la mafuta liko chini ya kiti. Ndiyo maana jozi iliyokusudiwa nchi zenye usukani wa kushoto, ikifungwa Arusha au Maralal bila kubadilishwa pande, hulifanya gari lenye springi mpya liiname upande mmoja. Upana ni milimita 63.5, na springi ya gari jingine iliyopunguzwa kwa jiwe la kusagia ili iingie si ya kununua.

Uzito upimwe, usikisiwe. Gari lipandishwe kwenye mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida, ekseli ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Anayebeba magunia mara moja kwa mwezi anafaa kuchagua bunda laini lenye jani la ziada lililonyooka chini kabisa, ambalo halifanyi kazi hadi mzigo ulibonyeze bunda hadi kulifikia. Anayebeba tani kila siku hana budi kuchukua bunda gumu, na atavumilia siku ya kusafiri mtupu.

Zipo pia springi za parabola, zenye majani mawili hadi manne, kila moja nene katikati na jembamba kuelekea nchani. Majani hayo hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni, kwa hiyo msuguano wake ni mdogo na safari ni laini ajabu. Lakini msuguano wa bunda la zamani ulikuwa ukisaidia kutuliza mneso, na ukiondoka, kazi yote huachiwa shokapu. Parabola zenye shokapu kuukuu hulifanya gari liruke kama mpira. Isitoshe, bunda la majani kumi likivunjika jani moja litakufikisha nyumbani, ilhali la majani mawili likivunjika moja umebaki na nusu. Kwa anayezunguka mjini na mbugani ningemshauri parabola. Kwa anayelala porini mbali na gereji, bunda la kizamani.

Wakati wa kufunga, yubolti ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika. Bolti za bushi za mpira zisikazwe gari likiwa juu ya jeki, bali likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo mpira hufungwa ukiwa umesokotwa na huchanika mapema. Baada ya kilomita mia chache yubolti zikazwe tena, maana zikilegea, ekseli huanza kucheza, bolti ya katikati hukatika, na gari huanza kutembea upande kama kaa.